Namna ya kusoma mafumbo ya Malaki kuhusu mapapa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Tangu Papa Fransisko alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, swali moja limenifikia mara nyingi kuliko yote: "Je, huyu Leo XIV aliyemrithi ndiye papa wa mwisho?" Anayeuliza huwa ametumiwa klipu au karatasi yenye orodha ya mafumbo 112 ya Kilatini, kila papa na lake hadi wa mwisho, inayodaiwa kuwa utabiri wa Mtakatifu Malaki wa Ireland (si nabii Malaki wa Biblia). Amejaribu kuifasiri mwenyewe, na amekwama palepale walipokwama wenzake. Namfahamu mzee mmoja wa jumuiya yetu aliyesimamisha ujenzi wa nyumba yake ilipofika kwenye linta, kwa sababu aliambiwa papa anayekuja ndiye wa kufungia dunia. Mabati alikuwa ameshayanunua. Kwa hiyo jambo hili silichukulii kama mchezo.

Kosa huwa ni lilelile. Watu wanaanza na papa wanayemjua, kisha wanarudi kwenye fumbo kulitafutia maana inayomfaa. Ukienda kwa njia hiyo utapata jibu kila mara, kwa papa yeyote na kwa fumbo lolote. Mwongozo huu unageuza mwendo: maandishi kwanza, ufunguo wa pili, papa wa mwisho kabisa.

Tenga jioni mbili. Hatua tatu za mwanzo zinatosha jioni ya kwanza. Zilizobaki zinahitaji akili iliyopumzika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Orodha ya mafumbo 112 kwa Kilatini. Itafute katika picha za kurasa za kitabu chenyewe, *Lignum Vitae* cha mmonaki Mbenediktini Arnold Wion, kilichochapwa Venice mwaka 1595. Hapo ndipo orodha ilipoonekana kuchapwa kwa mara ya kwanza. Picha za kurasa zinapatikana bure mtandaoni. Usitegemee orodha iliyoandikwa upya na mtu, hata kama imepambwa vizuri.

Orodha ya mapapa kuanzia Selestini II, aliyechaguliwa mwaka 1143, pamoja na antipapa wao. Mafumbo yanawahesabu hata baadhi ya waliodai upapa bila uhalali. Ukitumia orodha ya mapapa halali tu, hesabu itateleza kabla hujafika karne ya 15, na utajikuta unampa mtu fumbo la mwenzake.

Picha za nembo za mapapa. Ziwe za rangi, kwa sababu nyota, ndege na maua madogo hayaonekani vizuri kwenye picha za rangi moja.

Kamusi ya Kilatini. Mtu aliyesoma seminari ni msaada mkubwa zaidi, ila mwombe akufasirie bila kumtajia papa.

Biblia, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, daftari, penseli, na kadi tupu 40 za ukubwa wa karata. Vipande vya maboksi vinafaa.

## Hatua ya 1: Nakili fumbo kama lilivyochapwa

Andika kila fumbo kwenye mstari wake, ukiweka namba. Fumbo la 1 ni *Ex castro Tiberis*, la 111 ni *Gloria olivae*. Usiandike jina la papa bado.

Herufi za zamani zitakusumbua kidogo. V imetumika mahali pa U, kwa hiyo *Vrbis* ni *Urbis*. S ndefu inafanana sana na f, hivyo ukiona neno kama "perfecutione", lisome *persecutione*.

Sababu ya kunakili mwenyewe ni kwamba nakala zilizofuata zina mabadiliko. Fumbo ambalo watu humpa Klementi XIV husomwa *Ursus velox* katika nakala moja na *Visus velox* katika nyingine. La kwanza ni dubu mwepesi wa mbio, la pili ni jicho jepesi la kuona. Herufi chache tu zimebadilika, na mnyama amegeuka kiungo cha mwili. Anayefasiri bila kujua ana toleo lipi mkononi anajenga juu ya mchanga.

Umefaulu ikiwa una mistari 111 mifupi na kifungu kirefu mwishoni, na hakuna mstari hata mmoja wenye jina la papa.

## Hatua ya 2: Fasiri neno kwa neno, bila kujua ni ya nani

Chukua kamusi. Andika maana ya kila neno, hata ikikosa ladha. *Aquila rapax*: tai anayenyakua. *Religio depopulata*: dini iliyoachwa bila watu. *Ignis ardens*: moto uwakao. Neno likiwa na maana mbili, andika zote mbili na usichague.

Hapa Kiswahili chetu kina mtego wake, na nimeona watu makini wakinaswa. Fumbo la 109, *De medietate lunae*, hufasiriwa "kutoka nusu ya mwezi". Anayesoma kwa Kiswahili anafikiria siku, kwa kuwa kwetu mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja. Anakumbuka kwamba Yohane Paulo I alikaa siku 33 tu mwaka 1978, anaona "mwezi", na moyo unamruka. Lakini *luna* ni mwezi wa angani peke yake. Mwezi wa kalenda kwa Kilatini ni *mensis*. Fumbo halitaji muda wowote. Andika "nusu ya mwezi wa angani", na mshangao wote wa siku 33 unaondoka.

Fumbo la 110, *De labore solis*, lina tabu tofauti. *Labor* ni kazi au taabu, na washairi wa Kilatini walitumia "taabu ya jua" kumaanisha kupatwa kwa jua. Andika maana zote: kazi ya jua, taabu ya jua, kupatwa kwa jua. Tutalirudia.

## Hatua ya 3: Piga mstari chini ya fumbo la 74

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na bila hiyo huwezi kuelewa orodha nzima. Chukua penseli, upige mstari mnene kati ya fumbo la 74, *De rore caeli*, na la 75, *Ex antiquitate Urbis*.

Sasa andika majina ya mapapa, sehemu ya juu ya mstari tu. Fumbo la 74 linamwangukia Urbano VII, aliyefariki tarehe 27 Septemba 1590 baada ya siku zisizofika 15. Halafu jaribu mifano hii:

*Ex castro Tiberis*, kutoka ngome ya mto Tiber. Selestini II alitoka Città di Castello, mji ulio kando ya Tiber.

*Inimicus expulsus*, adui aliyefukuzwa. Lusio II alikuwa wa ukoo wa Caccianemici, jina lenye maana ya "wafukuza maadui".

*Ex magnitudine montis*, kutoka ukubwa wa mlima. Eugenio III alitoka Montemagno, "mlima mkubwa".

*De rure albo*, kutoka mashamba meupe. Adriano IV, Mwingereza Nicholas Breakspear, alizaliwa karibu na St Albans, na *albus* ni nyeupe.

*De capra et albergo*, kutoka kwa mbuzi na nyumba ya wageni. Pio II alikuwa katibu wa Kardinali Capranica na wa Kardinali Albergati.

*Bos Albanus in portu*, ng'ombe dume wa Albano bandarini. Aleksanda VI alikuwa wa ukoo wa Borgia wenye ng'ombe dume kwenye nembo, na aliwahi kuwa kardinali wa Albano na wa Porto.

Ona jinsi yanavyokaa kama kifuniko na chungu chake. Kila fumbo ni mchezo wa maneno juu ya mahali pa kuzaliwa, jina la ukoo, nembo au cheo cha awali. Halizungumzii utawala wa papa wala mambo ya ulimwengu.

Ukivuka mstari, kifuniko kinaanza kucheza. Fumbo la 81, *Lilium et rosa*, yungiyungi na waridi, ni la Urbano VIII wa ukoo wa Barberini, ambao nembo yao ni nyuki watatu. Hakuna yungiyungi hapo wala waridi, na watetezi wanalazimika kwenda kuliomba yungiyungi kwenye alama ya mji wa Florence alikozaliwa. Fumbo la 94, *Rosa Umbriae*, waridi la Umbria, ni la Klementi XIII, mtu wa Venice.

Orodha ilichapwa 1595. Mafumbo yanayoelezeka kwa usahihi ni yale ya mapapa waliokwisha kupita, na usahihi unakoma miaka michache kabla ya uchapaji. Ukiwa na mashaka, tazama tena kitabu cha Wion: maelezo yanayofuatana na mafumbo yanaishia kwa Urbano VII. Baada yake yanabaki majina matatu bila maelezo, kisha mafumbo matupu.

Na fumbo la 75 lenyewe, la kwanza chini ya mstari? *Ex antiquitate Urbis*, kutoka ukale wa mji. Konklave, yaani mkutano wa makardinali wa kumchagua papa, ya mwishoni mwa mwaka 1590 ilichukua karibu miezi miwili, na mmoja wa makardinali waliokuwamo alikuwa Girolamo Simoncelli, mzaliwa wa Orvieto. Jina Orvieto limetokana na *urbs vetus*, mji wa kale. Mjesuiti Claude-François Ménestrier alieleza mwaka 1689 kwamba orodha ilitungwa ili kumsaidia huyo. Simoncelli hakuchaguliwa, tarehe 5 Desemba 1590 alichaguliwa Niccolò Sfondrati, akawa Gregori XIV. Mimi naona maelezo ya Ménestrier yana uzito, lakini huhitaji kuyakubali ili uendelee. Unachohitaji ni mstari wa penseli.

Onyo. Utaambiwa kwamba Mtakatifu Malaki, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, aliyefariki 1148, aliiandika orodha na ikafichwa Roma miaka yote hiyo. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, ambaye Malaki alifia katika monasteri yake, aliandika maisha ya rafiki yake na kutaja hata karama yake ya unabii. Orodha ya mapapa haimo. Usitumie nusu saa kubishana juu ya hili. Rudi kwenye mstari.

## Hatua ya 4: Chagua ufunguo kabla ya kufungua

Kwa kila fumbo chini ya mstari, andika kwanza ni ufunguo gani utakaoutumia: mahali pa kuzaliwa, jina la ukoo, nembo, shirika la kitawa au cheo cha awali. Mmoja tu. Ndipo ufungue picha na wasifu wa papa.

Kwa nini mmoja? Kwa sababu anayeruhusu funguo zote kwa pamoja ana funguo nyingi kuliko milango. Papa mmoja ana mahali alipozaliwa, mji aliokuwa askofu, wazazi, nembo yenye picha tatu au nne, siku ya kuchaguliwa, vita vya wakati wake, marafiki na maadui. Katika lundo hilo utaokota chochote.

Angalia watu wanavyofanya na *Aquila rapax*, la 97. Papa ni Pio VII, lakini tai anayetajwa ni wa Napoleon, aliyemkamata Pio mwaka 1809. *Crux de cruce*, msalaba kutoka msalaba, la 101: papa ni Pio IX, lakini msalaba unaotajwa ni wa nembo ya ukoo wa Savoia, waliomnyang'anya dola yake. Mahali pa papa pamechukuliwa na adui wake! Juu ya mstari mambo hayakwenda hivi. Ng'ombe dume wa Aleksanda VI alikuwa wake mwenyewe.

Weka alama tatu pembeni ya daftari. K kwa fumbo linalokaa moja kwa moja kwa ufunguo ulioutaja mapema. L kwa lile linalolegea, yaani linahitaji daraja la pili au la tatu. S kwa lile lisilokaa kabisa.

Uwe mwaminifu pande zote mbili. Fumbo la 83, *Montium custos*, mlinzi wa milima, ni la Aleksanda VII, na nembo ya Chigi kweli ina vilima sita chini ya nyota. Hiyo ni K. Fumbo la 102, *Lumen in caelo*, mwanga mbinguni, ni la Leo XIII, na nembo yake ina nyota yenye mkia angani. Hiyo pia ni K, na ukimficha mwenzako mifano hii hatakuamini kwa mingine. Wapo watu wema waliovutwa na orodha kwa sababu ya nyota hiyo moja tu.

Na *Gloria olivae*, utukufu wa mzeituni? Benedikto XVI hakuzaliwa penye mizeituni, wala mzeituni haumo kwenye nembo yake. Njia wanayopita ni hii: alijiita Benedikto, Benedikto ni mwanzilishi wa Wabenediktini, tawi mojawapo la Wabenediktini ni Waolivetani, jina lao linatokana na mzeituni. Madaraja matatu, na yeye mwenyewe hakuwa mmonaki. Hiyo ni L, na nimeipa kwa ukarimu.

## Hatua ya 5: Badilisha mwenye fumbo

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii. Chukua fumbo ambalo umeambiwa linamwelezea papa fulani, umpe papa mwingine aliye chini ya mstari. Uliza: linamkaa vibaya zaidi, au vizuri zaidi?

Anza na mzeituni huohuo. Pio XII, Eugenio Pacelli, alikuwa na njiwa mwenye tawi la mzeituni kwenye nembo yake. Inosenti X wa ukoo wa Pamphili alikuwa na njiwa mwenye tawi la mzeituni mdomoni. Mapapa wawili wenye mzeituni halisi, unaoonekana kwa macho, na fumbo la mzeituni limempita kila mmoja likaenda kwa asiye nao.

Sasa *Flos florum*, ua la maua, la 108. Linapewa Paulo VI kwa kuwa nembo yake ina mayungiyungi matatu. Vizuri, yapo. Lakini Yohane XXIII, aliyemtangulia, alikuwa na mayungiyungi mawili kwenye nembo. Leo XIII alikuwa nayo mawili. Na Leo XIV, huyuhuyu wa sasa, ana yungiyungi jeupe juu ya buluu. Ua hili lilikuwa la kawaida mno kwenye nembo za Ulaya. Kulitabiri ni kama kutabiri kwamba kwenye daladala kutakuwa na maandishi.

*Peregrinus apostolicus*, hujaji wa kitume, la 96, hupewa Pio VI, ambaye alisafiri hadi Vienna mwaka 1782 na akafia uhamishoni Ufaransa mwaka 1799. Nani katika Afrika Mashariki angesikia "hujaji wa kitume" akamfikiria Pio VI? Wazee wetu wangemtaja Paulo VI, aliyekuja Kampala mwaka 1969, papa wa kwanza wa nyakati zetu kukanyaga Afrika. Au Yohane Paulo II, aliyefanya safari 104 nje ya Italia na kutufikia Tanzania Septemba 1990. Fumbo linawakaa hao vizuri zaidi kuliko Pio VI mwenyewe.

*Religio depopulata* ndilo linalowatisha wengi: Benedikto XV, aliyechaguliwa Septemba 1914, vita vikuu vikiwa vimeanza mwezi mmoja nyuma. Wakilipeleka kwa Pio VI aliyekufa mfungwa, kwa Pio VII aliyekamatwa, au kwa Pio XII wa vita vya pili, linakaa bila kulalamika.

Halafu kupatwa kwa jua. Ni kweli Yohane Paulo II alizaliwa tarehe 18 Mei 1920, siku ya kupatwa kwa jua kwa sehemu, na alizikwa tarehe 8 Aprili 2005, siku ya kupatwa tena. Nilipolisikia mara ya kwanza nilinyamaza. Kisha fikiria: kila mwaka jua hupatwa angalau mara mbili mahali fulani duniani, na kule kwa 2005 kulionekana Pasifiki na Amerika, si Roma. Tena, kwa fumbo hili ufunguo umebadilika kuwa tarehe ya kuzaliwa na ya kuzikwa, ufunguo ambao haukutumika hata mara moja juu ya mstari. Nimeliandikia L. Wewe unaweza kuliandikia K ikiwa uliutaja ufunguo huo mapema. Kama hukuutaja, futa.

Umefaulu hatua hii ukiwa na mafumbo angalau matano uliyoyahamisha kwa papa mwingine bila kupoteza chochote. Kisha jaribu kuhamisha *De capra et albergo*. Haihamishiki, maana hakuna papa mwingine aliyewatumikia Capranica na Albergati.

## Hatua ya 6: Zoezi la kadi, kwa kikundi

Hili linafaa sana kwenye jumuiya ndogondogo au kwa vijana wa parokia, kwa sababu linaondoa mabishano mezani.

Andika mafumbo 10 kutoka juu ya mstari kwenye kadi 10, kwa Kiswahili. Kwenye kadi nyingine 10 andika mapapa wake: jina la ukoo pamoja na maana yake, mahali pa kuzaliwa, vyeo vya awali, nembo. Mpe mtu asiyejua orodha azioanishe. Rudia na mafumbo 10 ya chini ya mstari, ukiandika taarifa za aina ileile.

Ukumbuke kipimo hiki: anayegawa kwa kubahatisha tu atapata, kwa wastani, jozi moja sahihi, ziwe kadi 10 au 20. Kwa hiyo jozi moja au mbili si ushahidi wa chochote. Linganisha raundi ya kwanza na ya pili, na acha kila mmoja aone kwa macho yake.

Onyo. Usiwaruhusu waliotazama klipu kushika kadi. Wameshajua majibu, na kumbukumbu yao itaonekana kama ufahamu.

## Hatua ya 7: Kifungu cha mwisho, Petrus Romanus

Sasa tu ndipo tunafika kwenye swali la mwanzo. Kifungu kinasema: *In persecutione extrema S.R.E. sedebit.* Kisha: *Petrus Romanus, qui pascet oves in multis tribulationibus; quibus transactis civitas septicollis diruetur, et Iudex tremendus iudicabit populum suum. Finis.*

Kwa maneno yetu: Katika mateso ya mwisho ya Kanisa Takatifu la Roma ataketi. Petro Mroma, atakayewachunga kondoo katika dhiki nyingi. Zikishapita, mji wa vilima saba utabomolewa, na Hakimu wa kutisha atawahukumu watu wake. Mwisho.

Zingatia mambo matatu unapofasiri. *Extrema* inaweza kuwa "ya mwisho" na inaweza kuwa "makali kupita kiasi". Baada ya *sedebit* kuna nukta, hivyo haijulikani kama sentensi ya kwanza inamhusu Petro au ni ya mwingine. Na "mji wa vilima saba" ni Roma kwa desturi ya Kilatini, ingawa msomaji wa Uganda anajua kwamba Kampala nayo inaitwa hivyo.

Halafu fanya hesabu. *Gloria olivae* ni la 111, Benedikto XVI. Anayefuata ni Fransisko, aliyechaguliwa tarehe 13 Machi 2013. Kwa hesabu ya orodha, Petro Mroma alipaswa kuwa yeye. Aliitwa Jorge Mario Bergoglio, mzaliwa wa Buenos Aires. Watu wakapanda ngazi: alijiita Fransisko, Fransisko wa Asizi alikuwa mwana wa Pietro di Bernardone, basi Petro amepatikana. Hiyo unaijua sasa, ni L yenye madaraja.

Tarehe 8 Mei 2025 akachaguliwa Robert Francis Prevost, mzaliwa wa Chicago, Mwaugustino aliyefanya umisionari Peru. Yeye ni wa 113 kwenye orodha ya mafumbo 112. Hapo orodha imekwisha. Anayetaka kuiendeleza hana budi kuingiza nafasi mpya katikati, au kuigawa sentensi ya mwisho iwe ya watu wawili. Mwulize tu: mgawo huo aliuandika lini? Kama ni baada ya Mei 2025, hajatabiri.

Ikumbuke pia hesabu ya akina Petro. Mwaka 2013 alitajwa sana Kardinali Peter Turkson wa Ghana, na Kardinali Tarcisio Pietro Bertone, ambaye si tu ana jina la Petro bali alizaliwa Romano Canavese. Petro na Roma kwa mtu mmoja. Usingeweza kuomba zaidi. Hakuchaguliwa. Mwaka 2025 walikuwapo Pietro Parolin, Péter Erdő, Pierbattista Pizzaballa, na Turkson tena. Akachaguliwa Robert.

## Hatua ya 8: Pima kwa kipimo cha Kanisa

Fungua Katekisimu, namba 66 na 67. Ufunuo wa hadhara ulikamilika katika Kristo. Mafunuo ya binafsi, hata yaliyotambuliwa, si sehemu ya amana ya imani. Kazi yake ni kusaidia kuuishi ufunuo huo katika wakati fulani, si kuukamilisha.

Linganisha na Fatima, mji wa Ureno unaojulikana kwa maono ya Bikira Maria. Sehemu ya tatu ya siri ya Fatima ilitolewa na Vatikano yenyewe tarehe 26 Juni 2000, pamoja na ufafanuzi wa Kardinali Joseph Ratzinger. Mafumbo haya 112 hayajawahi kupata kibali cha namna hiyo. Anayekuambia Mkatoliki analazimika kuyaamini amekosea, na ni haki yako kumwambia hivyo kwa upole.

Kisha soma Mathayo 24:36, juu ya siku na saa asiyoijua yeyote ila Baba. Na 1 Wathesalonike 5:20-21, inayotuambia tusitweze unabii, bali tujaribu mambo yote. Hatua saba za juu ndizo kujaribu kwenyewe.

## Hatua ya 9: Mjibu aliyekuuliza

Usimtumie daftari zima. Mwenye hofu hasomi kurasa 20. Mwandikie mistari michache, kwa lugha mnayozungumza nyumbani, na uweke jambo moja analoweza kulihakikisha mwenyewe. Nilimwandikia shangazi yangu hivi, nawe waweza kubadilisha upendavyo:

"Shikamoo shangazi. Ile klipu nimeiangalia yote. Orodha hiyo ina nafasi 112, na Baba Mtakatifu Leo ni wa 113, kwa hiyo hayumo. Ilichapwa mwaka 1595, na mafumbo yake yanakaa sawasawa kwa mapapa waliokuwa wameshapita tu. Nikija Jumapili nitakuonyesha kwenye daftari. Kanisa halijawahi kutuambia tuifuate. Ada ya mtoto lipa kama ulivyopanga, na yule fundi mwambie aendelee."